Homoni za kutibu saratani ya mfuko wa uzazi: maudhi ya kuvumilia na hatari zisizongoja

Mwanamke anayeanza sindano au vidonge vya uzazi wa mpango huambiwa mapema kuwa huenda akapata "maudhi madogo madogo": matone ya damu, kichwa kuuma, chunusi, uzito kuongezeka kidogo. Maneno hayo yamezoeleka kiasi kwamba mtu akipewa homoni za ukoo huohuo kutibu saratani ya mfuko wa uzazi, anaingia kwenye matibabu na picha ileile kichwani. Lakini tazama vipimo. Sindano moja ya kupanga uzazi yenye homoni iitwayo medroksiprojesteroni ina miligramu 150, na inatosha miezi mitatu. Anayetibiwa saratani kwa vidonge vya dawa hiyohiyo kwa kawaida humeza miligramu 400 hadi 600 kila siku. Kidonge na sindano haviingii mwilini kwa njia moja, kwa hiyo tarakimu hizi haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Hata hivyo zinatosha kutuonyesha kwamba hapa neno "madogo" si la kulikariri tu.

Naandika haya kwa sababu wanawake wengi hupewa orodha ya madhara bila kufundishwa namna ya kuisoma. Orodha yenyewe imo ndani ya kila pakiti, kwa herufi ndogo, na humo kichefuchefu na donge la damu kwenye pafu vimekaa karibu karibu kana kwamba ni ndugu. Wala havilingani. Lipo la kuvumilia, lipo la kumwambia daktari wiki hiihii, lipo la kukimbilia hospitali usiku huohuo. Na yapo mawili, uzito na damu, ambayo katika ugonjwa huu yana sura mbili, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Saratani ipi, na kwa nini homoni

Kwanza tuitenganishe na jirani yake. Saratani ya mlango wa kizazi huanzia chini, kwenye shingo ya kizazi, na karibu kila mara husababishwa na virusi vya HPV. Hii tunayoizungumzia huanzia ndani, kwenye utando unaolifunika pango la mfuko wa uzazi, utando uleule unaobomoka na kutoka kama hedhi. Ishara yake kubwa ni damu isiyo ya kawaida: damu kwa aliyekwisha koma hedhi, damu katikati ya mzunguko, hedhi nzito zisizoeleweka. Wengi wanaoipata wamekwisha koma hedhi. Lakini wapo wanaoipata wakiwa na miaka thelathini na kitu, na baadhi yao hawajapata mtoto.

Tiba yake ya kawaida ni upasuaji wa kuondoa kizazi pamoja na mirija, na mara nyingi ovari. Ugonjwa ukiwahiwa, tiba hiyo huponya wengi sana. Hili lisemwe wazi tangu mwanzo, kwa sababu homoni si tiba sawa na upasuaji iliyokuja kwa jina jingine. Ni njia ya pembeni, iliyowekwa kwa watu wa namna mbili: mwanamke ambaye bado anataka kuzaa, na mwanamke ambaye hali ya moyo, mapafu au uzito wake inaufanya upasuaji wenyewe uwe tishio. Kwa anayetaka kuzaa masharti ni makali. Saratani iwe ya aina ya endometrioidi, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, daraja la kwanza, yaani seli zake bado zinafanana kwa kiasi kikubwa na za kawaida. Kipimo cha picha cha MRI kionyeshe kwamba haijapenya kwenye msuli wa kizazi na haijatoka nje. Ovari nazo zichunguzwe, maana baadhi ya wanawake vijana hukutwa na saratani ya ovari wakati huohuo.

Dawa zenyewe huitwa projestini, nazo huiga projesteroni ya mwili. Katika mzunguko wa kawaida, estrojeni huziamuru seli za utando zijigawe na utando unenepe. Yai likishatoka, projesteroni huingia na kuziambia basi, acheni kugawanyika, komaeni. Mwanamke asiyetoa yai kila mwezi, kama wengi wenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari, hukosa sauti hiyo ya pili. Estrojeni hubaki peke yake mwezi baada ya mwezi, na utando huendelea kunenepa mpaka seli zinaanza kupotoka. Projestini huirudisha sauti iliyokosekana, kwa nguvu. Wazo hili si geni: mwaka 1961 madaktari Rita Kelley na William Baker waliripoti nchini Marekani kwamba uvimbe wa saratani hii uliokwisha sambaa ulipungua kwa baadhi ya wanawake waliopewa projestini.

Leo zinazotumika zaidi ni tatu: vidonge vya medroksiprojesteroni, vidonge vya megestrol vya miligramu 160 hadi 320 kwa siku, na kitanzi chenye homoni ya levonojestreli kinachowekwa ndani ya kizazi. Tofauti kati ya vidonge na kitanzi ni kubwa mno linapokuja suala la madhara. Tutaifikia.

Uzito: kuzima moto huku ukiongeza kuni

Projestini za vidonge, hasa megestrol, huamsha njaa. Mtu anaweza kumaliza sahani yake, na nusu saa baadaye akajikuta amesimama tena jikoni akifunua sufuria bila kujua ameifikaje. Huo si udhaifu wa nia. Dawa hiyohiyo hupewa wagonjwa wa UKIMWI waliokonda ili warudishe hamu ya kula, na Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 1993. Linaloitwa athari huku ndilo linalotafutwa kule.

Sasa fundo lenyewe. Mafuta ya mwili si ghala lililolala tu. Ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho aromatesi, ambacho hugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Kadiri mafuta yanavyoongezeka, ndivyo estrojeni isiyo na wa kuituliza inavyoongezeka, na ndiyo sababu unene uliokithiri umo miongoni mwa vyanzo vikubwa vya saratani hii. Kwa hiyo mwanamke ambaye huenda aliugua kwa sababu ya uzito anapewa dawa inayomwongezea uzito. Kumwambia "jitahidi kupunguza kula" bila kumweleza kwamba kidonge ndicho kinachomsukuma kwenye chakula ni kumwonea.

Jambo la kufanya lipo, lakini lifanywe mapema. Uzito uandikwe kabla ya kidonge cha kwanza, kisha kila wiki, asubuhi, kwa mizani ileile. Mtaalamu wa lishe aitwe mwanzoni, si baada ya kilo kumi. Na kilo zisisomwe zote kwa namna moja: projestini hushikilia maji mwilini, kwa hiyo kilo mbili zinazopanda ndani ya siku chache, pete ikabana kidoleni na soksi zikaacha alama kwenye vifundo vyote viwili, kwa kawaida ni maji. Kilo zinazojijenga polepole kwa miezi ni mafuta. La kwanza huweza kutulizwa kwa kupunguza chumvi, na pengine kwa dawa. La pili linahitaji mpango wa chakula na mwendo, na wakati mwingine linahitaji kuzungumza na daktari juu ya kuhama kutoka vidonge kwenda kitanzi.

Baadhi ya madaktari huongeza metformin, dawa ya kisukari, kwa matumaini kwamba itapunguza insulini inayochochea seli. Matokeo yake hayajawa na kauli moja. Jaribio moja la Australia, lililochapishwa mwaka 2021, lililowahusisha wanawake wanene waliowekewa kitanzi chenye homoni, halikuona kwamba kuongeza metformin kulileta faida ya ziada. Na metformin ina maudhi yake: tumbo kuunguruma, kuharisha, kichefuchefu, hasa wiki za mwanzo. Nalitaja hili kwa sababu mgonjwa anayeharisha hukilaumu kidonge cha homoni, akakiacha, kumbe mkosaji ni mwingine kwenye bakuli lilelile la dawa.

Damu yenye maana mbili

Katika magonjwa mengi, athari ya dawa na dalili ya ugonjwa huwa vitu viwili tofauti. Hapa vimevaa nguo moja. Saratani hii hutangazwa na damu, na tiba yake nayo huleta damu.

Kitanzi chenye homoni huleta matone ya hapa na pale kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Mwanamke aliyekimbilia hospitali kwa sababu ya matone hayohayo anaambiwa sasa ni ya kawaida. Anawezaje kulala? Vidonge navyo huleta damu isiyo na ratiba, na kuna sababu moja ambayo watu wengi hawaijui: kuruka dozi. Utando unaoshikiliwa na projestini huachia pale homoni inaposhuka ghafla. Ukisahau vidonge siku mbili tatu, damu inaweza kutoka, nawe ukadhani saratani imeamka. Ndiyo maana napendelea daftari dogo kuliko kumbukumbu. Mstari mmoja kwa siku: kidonge kimemezwa saa ngapi, damu ipo au haipo, ni tone au imejaza pedi, maumivu yapo au hayapo. Daktari akilifungua daftari hilo baada ya miezi mitatu, anaona kwamba damu ya tarehe 14 ilifuata safari ya tarehe 11 ambapo pakiti iliachwa nyumbani, na mazungumzo yanabadilika hapohapo.

Upande wa pili wa jambo hili ni hatari zaidi, kwa sababu unapendeza. Damu ikikauka kabisa, kama inavyotokea mara nyingi dawa ikikolea, mwanamke hufurahi na kusema amepona. Kukauka kwa damu si ushahidi wa kupona. Maana yake ni kwamba utando umetulizwa, na seli chache zilizokataa kutulia zinaweza kuendelea kukaa humo kimya. Hata kipimo cha picha cha unene wa utando hakitoshi peke yake. Kinachotoa jibu ni kinyama kinachochukuliwa ndani ya kizazi na kuangaliwa kwa hadubini, kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Ikifika mwaka mmoja na saratani bado ipo, ushauri wa kawaida ni kwenda kwenye upasuaji.

Kuchukua kinyama nako kuna maumivu yake. Tumbo hubana kama siku ya kwanza ya hedhi kali, kisha matone ya damu kwa siku chache. Kizazi kikikwanguliwa mara nyingi, kovu linaweza kuziunganisha kuta zake, na kovu hilo linaweza kuathiri mimba inayotafutwa. Ni halali kabisa kumuuliza daktari atatumia njia gani, na kama kamera ya kuangalia ndani ya kizazi ipo ili achukue mahali panapohitajika tu.

Damu gani basi isingoje tarehe ya kliniki? Inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja na kuendelea hivyo. Inayoambatana na kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Inayorudi kwa nguvu baada ya miezi mingi ya ukavu bila dozi kurukwa. Majimaji yenye harufu mbaya, hasa yakija na homa.

Mguu mmoja

Kuganda kwa damu kwenye mishipa hakuwapati wengi, lakini ndilo dhara la vidonge hivi linaloweza kuua haraka. Hapa mambo matatu husukuma upande mmoja: saratani yenyewe huifanya damu iwe rahisi kuganda, unene huongeza hatari hiyo, na projestini ya kiwango kikubwa huongeza tena. Sigara, safari ndefu ya kukaa na kulala kitandani kwa siku nyingi huongeza zaidi.

Donge kwa kawaida huanzia kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Tofauti na maji yanayovimbisha miguu yote miwili, donge hupenda mguu mmoja. Shavu la mguu huuma kana kwamba msuli umekakamaa na kukataa kuachia, ngozi hupata joto, huweza kuwa nyekundu au kubadilika rangi, na kwa ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, kwa hiyo tumia mkono kuhisi joto. Ukiwa na utepe wa fundi cherehani, pima miguu yote miwili mahali pamoja, upana wa kiganja chini ya goti. Tofauti inayozidi sentimita 3 ni mojawapo ya alama ambazo madaktari wenyewe huzihesabu. Lakini tofauti ndogo haimaanishi uko salama, na kama umeanza kukosa pumzi, kifua kinachoma ukivuta hewa, au umekohoa damu, utepe uache. Donge linaweza kuwa limekatika na kufika kwenye pafu. Hapo ni hospitali mara moja, na useme mlangoni: "Natumia homoni za kutibu saratani." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa saa nzima ya kukisiakisia.

Ndiyo maana mwanamke aliyewahi kupata donge la damu, kiharusi au mshtuko wa moyo kwa kawaida hapewi vidonge hivi, au hupewa kwa uangalizi wa pekee. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa mkali wa ini na mwenye saratani ya matiti. Ukiulizwa historia yako, usifiche hata tukio la miaka mingi iliyopita.

Yale yasiyoonekana kwa macho

Megestrol, na medroksiprojesteroni ya kiwango kikubwa, zina tabia moja ambayo haisemwi vya kutosha: huigiza kidogo kotisoli, homoni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kwanza, sukari ya damu hupanda. Mwenye kisukari atahitaji kupima mara nyingi zaidi na pengine kurekebishiwa dawa. Asiye nacho apimwe kabla ya kuanza na tena njiani, maana kiu kali na kukojoa mara kwa mara huweza kuwa ndiyo mwanzo. Shinikizo la damu na vipimo vya ini navyo vifuatiliwe.

Pili, mwili ukishaona kotisoli ya kuigiza imejaa, tezi zake zenyewe hulala. Mgonjwa hahisi chochote maadamu anameza vidonge. Lakini akiviacha ghafla baada ya miezi mingi, au akipatwa na maambukizi makali, tezi zilizolala haziamki kwa wakati. Dalili zake hudanganya: uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu ukisimama, kichefuchefu, kutapika, presha kushuka. Ni rahisi kudhani ni malaria au ni njaa. Hili si la kawaida kwa kila mtu, ila ndiyo sababu kubwa ya kutokuacha vidonge kimyakimya.

Jambo jingine limejitokeza miaka ya karibuni. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha uhusiano kati ya matumizi ya muda mrefu ya sindano ya medroksiprojesteroni na meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo, ambao mara nyingi si saratani lakini huweza kubana ubongo. Hatari hiyo haikuonekana kwa watumiaji wa vitanzi vya levonojestreli. Meninjioma hubaki kuwa ugonjwa wa nadra hata kwa watumiaji, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kutupa dawa kwa hofu. Ila kichwa kinachouma kwa namna mpya na kuzidi wiki hadi wiki, macho kupungua nguvu, masikio kupoteza usikivu au degedege, yasitiwe kwenye kapu la maudhi.

Halafu kuna moyo, yaani moyo wa hisia. Projestini huweza kuleta huzuni, hasira za ghafla, usingizi kukatika, hamu ya tendo la ndoa kufifia. Sasa mwanamke huyu ameambiwa ana saratani, anaogopa hatazaa, mwili umebadilika mbele ya kioo. Je, machozi yake ni ya dawa au ya maisha? Nimeona maelezo mengi yakihangaika kutenganisha, na kwa maoni yangu ni kazi isiyo na faida kwa mgonjwa. Huzuni inayodumu zaidi ya wiki mbili inatibika, ikitoka popote. Mwambie daktari, mwambie mtu wa nyumbani anayeweza kukuona unavyobadilika kabla hujajiona. Mawazo ya kujidhuru ni dharura sawa na kifua kinachobana.

Kitanzi na njia nyingine

Kitanzi chenye homoni ni kijiti laini chenye umbo la herufi T, urefu wa takriban sentimita tatu, kikibeba miligramu 52 za levonojestreli. Mwanzoni hutoa takriban mikrogramu 20 kwa siku, na dawa hushuka moja kwa moja kwenye utando wenye ugonjwa. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo, na hapo ndipo penye faida yake: njaa, maji, sukari na mabonge ya damu havipewi nafasi ileile kama kwa vidonge. Kwa mwanamke mnene mwenye kisukari, mara nyingi ndicho chaguo la busara zaidi. Katika jaribio lile la Australia, baada ya miezi sita asilimia 43 ya waliokuwa na saratani hawakuonekana tena na seli za saratani kwenye kinyama, na kwa waliokuwa na mabadiliko ya kabla ya saratani ilikuwa asilimia 82.

Maudhi yake ni ya mahali pale: maumivu wakati wa kuwekwa, kubanwa tumbo siku za mwanzo, matone tuliyokwisha yasema, wakati mwingine chunusi au matiti kuuma. Takriban mmoja kati ya wanawake 20 hutokwa na kitanzi chenyewe, na katika tiba ya saratani hilo ni zito kuliko katika uzazi wa mpango, maana kikitoka, tiba imetoka nayo. Jifunze kugusa nyuzi zake, na ukizikosa uende upimwe. Kutoboka kwa kizazi wakati wa kukiweka hutokea kwa nadra sana. Homa na maumivu makali ya tumbo la chini wiki tatu za kwanza ni ishara ya maambukizi.

Wengine huongezewa sindano zinazoilaza ovari, ziitwazo agonisti za GnRH, au vidonge vya letrozoli vinavyokizuia kimeng'enya cha aromatesi. Hizi huleta hali ya kukoma hedhi kabla ya wakati: joto linalopanda ghafla usoni, jasho la usiku, ukavu ukeni, viungo kuuma. Zikitumika muda mrefu mifupa hupungua ugumu.

Na dawa hugombana. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini, huliharakisha ini kuzivunja projestini za vidonge, na kipimo kinachobaki kikawa hakitoshi. Dawa za mitishamba zitajwe pia, bila aibu.

Kuhesabu gharama

Madhara hayapimwi peke yake, hupimwa kwa kile kinachonunuliwa nayo. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulikusanya tafiti 34 za wanawake waliotibiwa kwa njia hii. Kwa wenye saratani ya hatua ya mwanzo, takriban asilimia 76 ugonjwa ulirudi nyuma, lakini kwa takriban asilimia 41 ya hao ulitokea tena baadaye, na waliojifungua mtoto hai walikuwa takriban asilimia 28. Ni tarakimu zenye matumaini na zenye tahadhari kwa pamoja. Kwa mwanamke anayetaka mtoto, miezi sita hadi kumi na miwili ya njaa isiyoshiba na damu isiyo na ratiba inaweza kuwa bei anayoikubali kwa moyo wote. Mwingine ataona hapana, afanyiwe upasuaji apumzike. Wote wawili wako sahihi ikiwa wameelezwa.

Ninachokihofia zaidi ni yule wa tatu: anayekubali mbele ya daktari, kisha uzito ukimzidi anapunguza vidonge mwenyewe, kimoja badala ya viwili, bila kumwambia mtu. Kipimo cha miezi sita kikionyesha saratani bado ipo, daktari anaandika kwamba ugonjwa umeikataa dawa. Kumbe dawa haikufika. Mwanamke anapelekwa kutolewa kizazi ambacho pengine kingeweza kubaki, au, vibaya zaidi, miezi sita imepita saratani ikiwa haina wa kuizuia. Karibu kila udhia niliotaja una mlango wa kutokea: kipimo kinaweza kushushwa, kidonge kubadilishwa na kitanzi, sukari kudhibitiwa, huzuni kutibiwa. Lakini mlango huo hufunguliwa na anayejua kwamba humezi.

Tiba ikifaulu, anayetaka mtoto hushauriwa aanze kutafuta mimba mapema, mara nyingi kwa msaada wa kliniki ya uzazi, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi. Asiye tayari bado kwa kawaida hubaki kwenye projestini ya kulinda utando, mara nyingi kitanzi. Na baada ya kuzaa wengi hushauriwa kizazi kitolewe.

Vidonge vya megestrol vilivyomezwa kwa miezi mingi huachwa kwa maelekezo ya daktari, si kwa kuishiwa na pakiti. Wiki na miezi inayofuata, andika kwenye kipande cha karatasi jina la dawa, kipimo, tarehe uliyoanza na tarehe uliyoacha, ukikunje ndani ya pochi nyuma ya kitambulisho. Ukipata ajali au ukipelekwa kwenye upasuaji wowote, hata wa jino au wa kidole tumbo, mpe mtaalamu wa usingizi karatasi hiyo kabla hajakuchoma sindano, ajue kwamba tezi zako za juu ya figo huenda bado zimelala na kwamba atahitaji kukuwekea kotisoli ya akiba.